Usitafute neno "hakimiliki" kwenye kichwa cha muswada

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii ya kufuatilia sheria pale Ottawa, mji mkuu wa Kanada, karibuni. Nitaanza na kosa langu linaloniuma mpaka leo.

Mwaka 2022 nilikuwa nasubiri muswada wa hakimiliki. Nilijua uko njiani, maana Kanada ilishakubali, katika mkataba wake wa biashara na Marekani na Meksiko, kurefusha ulinzi wa kazi za waandishi kutoka miaka 50 hadi 70 baada ya kifo. Kila wiki nilipitia orodha ya miswada nikitafuta neno hilo kwenye vichwa. Sikuliona. Kumbe lilikuwa ndani ya C-19, muswada wa kutekeleza bajeti, limebanwa katikati ya mambo mengine mengi. Nilipogundua, muda wa kupeleka maoni ulikuwa umenipita. Sheria ilipita Juni, ikaanza kutumika tarehe 30 Desemba, siku mbili tu kabla ya kazi za waliofariki 1972 kuwa mali ya umma, yaani huru kwa yeyote kuzitumia. Sasa kazi zao zitasubiri hadi 2043. Mwalimu aliyetaka kuchapisha upya hadithi ya miaka hiyo kwa ajili ya wanafunzi wake anafungiwa mlango kwa miaka 20, na hoja hiyo haikuletwa bungeni kwa muswada wake yenyewe.

Na huo ulikuwa mtindo. 2015, ulinzi wa rekodi za muziki ulipanda kutoka miaka 50 hadi 70 kupitia bajeti. 2018, bajeti tena, muswada C-86. Huu wa 2018 ulileta jambo jema: barua za tuhuma za kunakili kazi bila ruhusa, ambazo wenye hakimiliki huwatumia wateja kupitia kampuni za intaneti zilikatazwa kudai malipo. Baadhi ya wahamiaji waliokuwa wakizipokea walilipa kwa hofu, wakidhani ni amri ya mahakama. Nililifurahia badiliko hilo, lakini njia iliyopitia ni ileile. Jambo jema nalo lijadiliwe mchana kweupe.

Linganisheni na ile njia ndefu. Juni 2008 waziri wa viwanda Jim Prentice alileta C-61, muswada wa hakimiliki uliosimama peke yake. Watu wakapaza sauti, uchaguzi ukaitishwa, muswada ukafa. 2009 serikali ikaomba maoni ya wananchi, yakaja zaidi ya 8,000. C-32 ukafuata 2010, nao ukafa Bunge lilipovunjwa. Hatimaye C-11 ukapita Juni 2012. Kufuli za kidijitali, zile zinazokuzuia kunakili hata diski uliyoinunua kwa pesa yako, zilibaki humo ingawa wengi walizipinga. Lakini elimu na kazi za dhihaka ziliongezwa kwenye matumizi halali, yaani yale yasiyohitaji ruhusa ya mwenye kazi, na fidia ya kisheria anayoweza kutozwa mtu aliyekiuka hakimiliki bila lengo la biashara ikawekewa kikomo cha dola 5,000. Tulipoteza tukijua tumepotezea wapi, na nani alipiga kura gani. Mimi huo ndio nauita uwajibikaji.

Kuhusu nyaraka: ombi la taarifa za serikali kuu ni dola 5, na jibu linatakiwa ndani ya siku 30, japo wanaweza kujiongezea muda. Ombeni kitu kimoja, chenye tarehe. Nilipoanza niliomba "barua zote kuhusu hakimiliki" nikasubiri miezi mingi. Nilipoomba maelezo aliyoandaliwa waziri kwa mkutano mmoja, yalikuja upesi. Kabla ya kuomba, pitieni daftari la washawishi, yaani watu wanaolipwa kuishawishi serikali, ambalo liko wazi kwa kila mtu: linaonyesha nani alikutana na kiongozi gani, siku gani, juu ya mada gani. Tarehe mtakayoiona humo ndiyo ya kuweka kwenye ombi.

Kisha bajeti. Muswada wake una mamia ya kurasa, usikutishe. Mwanzoni kuna muhtasari unaotaja kila sheria inayoguswa. Tafuta humo "Sheria ya Hakimiliki" (Copyright Act). Ukiikuta, siku hiyohiyo mwandikie karani wa kamati ya fedha uombe nafasi ya kutoa maoni, kwa sababu huko ndiko muswada utakakopelekwa, na orodha ya mashahidi hujaa haraka.