Alipoligeuza, nikaona kazi

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama mazungumzo na msanii kwenye mtandao yanatosha badala ya kwenda kwenye maonyesho. Mimi ni fundi cherehani hapa Kawangware, na juzi usiku nilifuatilia kwa simu mazungumzo ya mama mmoja wa Marekani anayeshona mablanketi ya viraka. Yanatosha, tena yanazidi. Shughuli za sanaa ninazozisikia hapa Nairobi nyingi huwa jioni, upande wa Westlands na Lavington, saa ambazo wateja wangu ndio wanatoka kazini kuja kuchukua nguo.

Alianza na akina mama wa Gee's Bend, Alabama, vizazi vya watumwa wa mashamba ya pamba, ambao mablanketi yao yalionyeshwa jumba la makumbusho ya sanaa la Whitney, New York, mwaka 2002. Akatueleza habari za Missouri Pettway: mwaka 1942, mumewe akiwa amefariki, alizichana nguo za kazi za marehemu akazishona blanketi, apate kujifunika nalo na kumkumbuka. Hapo niliweka mkasi chini.

Kisha akaleta lake mwenyewe, la suruali kuukuu za jinzi, akaligeuza. Kamera ikasogea. Nikaona mafundo, ncha za uzi, kona iliyofumuliwa ikashonwa upya, na mishono midogo ya mkono inayopita uso wa blanketi, pamba ya ndani na bitana kwa pamoja. Sijawahi kuona ukumbi unaokuonyesha nyuma ya kazi! Nikaandika: mbona kwenye ile kona hukutia uzi mzito? Akalisoma swali langu, akajibu kwamba uzi mzito hukata kitambaa kilichochoka. Ndivyo hasa. Alinijibu kama fundi anavyomjibu fundi, na nilifurahi mno.

Lakini hata pale Biashara Street hakuna anayenunua kitambaa bila kukifikicha kwa vidole, na ile jinzi sijui ilikuwa laini kiasi gani. Uzito wa blanketi lile haukunifikia kabisa. Basi nijirudi, niseme hayatoshi. Ila na nyinyi wenye kumbi, mnaotundika kitambaa ukutani na kukataza kisiguswe, hamjamzidi yule mama kwa lolote. Akiletwa Nairobi nitafunga duka niende, mradi iwe Jumapili mchana na blanketi ligeuzwe.