Maswali Yenu: Kidani cha Udi Kinachoelea

Safari hii maswali mengi yanahusu vidani vya udi vilivyochongwa sanamu na nakshi za dini, vile vinavyoletwa na wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou na Dubai. Tumeyakusanya yanayofanana na kuyajibu pamoja.

Nimeletewa kidani cha udi kilichochongwa sanamu ya mwanamke ameshika kichupa. Aliyeniuzia alisema udi wa kweli huzama majini. Nimekitia kwenye glasi, kimeelea kama kizibo. Ndiyo nimeibiwa?
*Msomaji, Kariakoo*

Bado hatujafika huko. Wachina huuita udi *chenxiang*, yaani harufu izamayo, na jina hilo ndilo lililozaa imani kwamba kisichozama si udi. Mbao nyeupe ya mti wenyewe, Aquilaria, ni nyepesi sana: kama gramu 0.4 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Mti ukijeruhiwa na mdudu, upepo au panga, kisha kuvu ikaingia kwenye jeraha, hujihami kwa kutoa ulimbo mweusi, na mbao iliyolowa ulimbo huo ndiyo udi. Kadiri ulimbo unavyojaa ndivyo mbao inavyokuwa nzito, na ikipita gramu 1 inazama. Wachina wenyewe tangu zamani waligawa udi mafungu matatu: unaozama, unaozama nusu, na unaoelea. Yote matatu ni udi, bei ndiyo inayotofautiana.

Badala ya kutazama kama kimezama au la, pima. Tafuta mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01. Vua uzi na shanga zote, upime kidani kikavu, uandike. Weka glasi ya maji juu ya mizani, uirudishe kwenye sifuri. Sasa kibonyeze kidani kwa ncha ya sindano nyembamba mpaka kizame chote, bila kugusa ukuta wala chini ya glasi, na usome namba. Namba hiyo ndiyo ujazo wake kwa sentimita. Kama kinazama chenyewe, kining'inize kwa uzi mwembamba badala ya sindano. Gawanya uzito kwa ujazo: kidani cha gramu 7.80 kikisoma 10.40 majini ni 0.75. Hapo kina ulimbo wa maana, ingawa kinaelea. Kikitoka 0.45, umenunua mbao nyeupe iliyopakwa rangi, au udi hafifu mno.

Watu hukosea hapa kwa sababu ya viputo vya hewa vinavyonasa kwenye mikunjo ya nakshi: vinaongeza ujazo na kukifanya kidani kionekane chepesi kuliko kilivyo. Viondoe kwa brashi laini. Usikiache majini zaidi ya nusu dakika. Kifute, ukiache kivulini siku nzima, wala usikianike juani. Kama baada ya hapo kuna kipande kilichoinuka au mstari uliofunguka, ujue kulikuwa na gundi na unga wa udi uliozibia pengo, na hilo nalo ni jibu.

Mwanamke mwenye kichupa ni Guanyin, anayeombwa huruma katika dini ya Buddha nchini China. Kichupani mna maji matakatifu, na mara nyingi mkono wa pili hushika tawi la mti wa mwerebi.

Basi kikizama ni halisi moja kwa moja?
*Mama wa Mkunazini, Zanzibar*

Hapana, mama, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Mbao nyeupe ya mti uleule hukandamizwa kwa mashine huku ikilishwa mafuta na rangi mpaka ikawa nyeusi na nzito. Mbao ni ya Aquilaria kweli, kwa hiyo anayekuuzia anaweza kuapa bila kusema uongo wote. Wengine huongeza unga wa madini. Pia kuna mti mwingine wa Borneo, Aetoxylon, ambao Wamalay huuita *gaharu buaya*, udi wa mamba. Una harufu kidogo na umebeba jina la udi miaka mingi.

Chukua lenzi ya sonara ya mara 10, uangalie sehemu ambayo mchongaji hakuishughulikia: ndani ya tundu la uzi, au upande wa juu na wa chini ambako nyuzi za mbao zimekatwa. Aquilaria ina alama ambayo miti michache inayo: katikati ya mbao kuna visiwa vidogo vya tishu laini, virefu kidogo, vimetawanyika bila mpango. Ulimbo hujaa humo kwanza. Kwa hiyo kwenye udi wa kweli utaona vidoa vyeusi juu ya uwanja wa kahawia au manjano, na ubavuni vidoa hivyo vinageuka mistari ya nywele, mingine mirefu, mingine inakatika, mingine inanenepa. Kwenye cha bandia rangi imeenea kila mahali sawasawa, na hata vile vitundu vidogo vya maji ya mti vimezibwa kwa weusi. Udi mzuri hauna weusi wa makaa. Ukiona kidani cheusi tititi, kinang'aa, na hakuna hata mstari mmoja, kirudishe.

Kisha kifunge kwa karatasi nyeupe laini usiku mmoja. Udi halisi hauachi doa la mafuta. Usijaribu kukisugua kwa spiriti kama wanavyoshauriana watu: ulimbo wa udi huyeyuka kwenye spiriti, kwa hiyo hata halisi utatoa rangi ya kahawia, nawe utakuwa umekichubua bure.

Kuhusu harufu, watu wa pwani tuna pua ya udi, lakini pua hiyo imelelewa na udi wa kupika, uliochanganywa na sukari na manukato. Kidani halisi kikiwa baridi hakinukii namna hiyo. Harufu yake ni hafifu, inakuja na kupotea, na inasikika zaidi ukikitoa kwenye kichupa kilichofungwa usiku kucha. Kinachonukia chumba kizima mchana na usiku kimelowekwa. Ukitaka uhakika, kwangua unga kidogo sana ndani ya tundu la uzi kwa ncha ya pini, uuweke juu ya kipande cha foili kwenye chetezo chenye kaa moja lililofifia. Udi hufungua utamu, kisha uchungu kidogo, na hadi mwisho ni harufu ya udi tu. Cha bandia huanza na marashi na kuishia na mafuta yaliyoungua. Usichome kidani chenyewe kwa sindano ya moto. Shimo lile halifutiki.

Viwili vinafanana: Buddha mwenye kitambi anayecheka. Kimoja bei mara nne ya kingine. Tofauti ni nini?
*Msomaji, Kisauni, Mombasa*

Kwanza, yule mnene si Buddha Gautama. Ni Budai, mtawa wa China wa karne ya 10, mwenye mfuko wa kitambaa. Waumini humwona kuwa Maitreya, Buddha atakayekuja.

Kama udi ni wa daraja moja, tofauti itakuwa mkono na mashine. Mashine ya kompyuta huchonga kwa ncha ya duara inayozunguka, kwa hiyo chini ya kila mfereji ni pa mviringo, na ukitumia lenzi utaona ngazi ndogo sambamba zilizosahauliwa na msasa, hasa nyuma ya masikio na kwenye mikunjo ya mfuko. Patasi ya mkono hukata pembe kali ya V na huweza kuingia chini ya kitu: vidole vinaachana na shanga vinazoshika, ukingo wa nguo unainuka. Vingi sokoni vimeanzwa na mashine na kumaliziwa uso kwa mkono. Si dhambi, ila visiuzwe kwa bei ya mkono mtupu. Uso ndio wa kutazamwa: macho mawili yawe na usawa mmoja, pua isiwe donge, na ukikigeuza kidogo kicheko kibaki kicheko.

Lakini nasi tuna upendeleo wetu, tuuseme wazi: tunatazama udi kabla ya nakshi. Nakshi nzito huficha. Fundi akikuta mbao nyeupe huichimba, na shimo hilo analifanya kuwa wingu au petali ya yungiyungi. Fundi bora huzungusha sanamu mpaka ulimbo mweusi uangukie mahali panapostahili, nywele au joho, na weupe ubaki usoni. Ukiona hivyo, lipa.

Mimi ni Mwislamu, sivai sanamu. Kuna vidani vya udi vinavyofaa kukusanywa?
*Msomaji, Muscat*

Vipo vingi, na vingine ni bora kuliko sanamu. Tafuta kibao kitupu kisicho na nakshi, ambacho Wachina hukiita *wushi pai*, kibao cha asiye na shida. Kwa kuwa hakuna pa kuficha ufa wala weupe, fundi hulazimika kutumia kipande safi, na mistari ya ulimbo yenyewe ndiyo pambo. Kuna pia kibuyu, ambacho jina lake kwa Kichina linakaribia kusikika kama maneno ya baraka na cheo, na pingili za mwanzi. Vya maandishi ya Kiarabu vipo; kagua herufi na nukta moja moja kabla ya kulipa, kwa sababu mchongaji asiyejua kusoma hunakili umbo tu, na nukta iliyoruka hairudishwi. Hukumu ya kuvivaa, hasa kuingia navyo msalani, muulize shekhe wako.

Kidani changu kimepasuka ufa mwembamba kutoka kwenye tundu la uzi. Nilikuwa nakipaka mafuta ya nazi kila wiki.
*Msomaji, Doha*

Mafuta hayakukipasua, ila yameziba vitundu na kuua harufu. Acha kabisa, na usiongeze mafuta ya udi pia, maana hapo hutajua tena unanusa nini. Ufa umetokana na kiyoyozi: kidani kinatoka kwenye joto la nje kuingia hewa kavu na baridi mara kadhaa kwa siku, na mbao hupasukia palipo dhaifu, yaani kwenye tundu. Usipokivaa, kiweke kwenye kifuko kidogo cha plastiki kinachofungwa, ndani ya kisanduku. Badili uzi ikiwa umekaza tunduni. Uzi uingie na kutoka bila kulazimishwa, na fundo likae nje. Vaa kidani baada ya marashi kukauka, kivue wakati wa kuoga na wa mazoezi. Jasho kavu liondoe kwa mswaki laini mkavu. Ufa usiofika upande wa pili uache ulivyo, gundi ya haraka huacha weupe usiotoka.

Nataka kuleta vidani ishirini niuze. Nitasumbuliwa uwanja wa ndege?
*Mfanyabiashara, Nairobi*

Ndiyo, na kwa haki. Aquilaria zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, katika Kiambatisho cha II, yaani orodha ya vinavyouzwa nje kwa kibali, tangu Januari 2005. Aquilaria malaccensis iliingia mapema zaidi, 1995. Bidhaa kadhaa zilizokamilika na kufungashwa kwa rejareja zimesamehewa, lakini vipande, shanga, tasbihi na vitu vya kuchonga vimetajwa kwa jina kuwa havimo katika msamaha huo. Kwa hiyo shehena yako inahitaji kibali cha kusafirisha kutoka nchi ya muuzaji, kilichotolewa kabla mzigo haujaondoka. Risiti ya duka si kibali.

Msafiri wa kawaida ana nafasi ndogo ya kupita bila kibali: kilo 1 ya vipande, mililita 24 za mafuta, na seti 2 za shanga au tasbihi, au mikufu 2 au bangili 2, akiwa amevivaa au kavibeba kwenye mizigo yake mwenyewe. Kifurushi cha posta hakimo. Nchi nyingine hazitambui hata nafasi hiyo, kwa hiyo uliza idara ya wanyamapori au misitu ya nchi unayotoka na ya unayoingia, pamoja na ile utakayobadilishia ndege ikiwa utatoka na mzigo. Ukiagiza, mwambie muuzaji aandike jina la kisayansi la mti na uzito kwenye ankara. Anayekataa kuandika jina la mti amekwisha kukujibu pia lile swali la kama udi wake ni halisi.