Nadhiri ya Yeftha: maswali yenu ya Jumatano

Bwana Yesu asifiwe. Mafunzo yetu ya Biblia yamefika Waamuzi 11. Yeftha, kiongozi wa Israeli vitani, anamwekea Mungu nadhiri: akiwashinda Waamoni, chochote kitakachotoka mlangoni kwake kumlaki atakitoa sadaka ya kuteketezwa. Akatoka binti yake, anacheza na matari. Mama aliyekuwa akitusomea alipofika "mwanawe wa pekee" alivua miwani, akampa jirani yake Biblia amalizie. Muda ukaisha, vikaratasi vya maswali vikabaki mkononi mwangu.

Mchungaji, alimteketeza kweli, au alimtoa tu aishi bila kuolewa? (Mama wa jumuiya, Tabata)

Mama, wako wanaosema aliishi bila kuolewa. Rabi David Kimhi, tangu karne za kati, alisoma kwamba nadhiri ilikuwa na njia mbili: kiwe cha Bwana, au kiteketezwe. Wanaomfuata wanaonyesha kuwa binti aliulilia ubikira wake, hakuulilia uhai wake. Ni hoja ya heshima, na natamani ingenitosha. Lakini mstari wa 39 unasema baba alimtenda sawasawa na nadhiri, na nadhiri ilitaja kuteketeza. Naamini alikufa.

Halafu tuangalie lugha yetu. Biblia ya Kiswahili inasema "cho chote", nasi tunawaza mbuzi. Kiebrania pale hakibainishi kama ni mtu au kitu. Ngeli zetu ndizo zinazotulazimisha kuchagua. Lakini kulaki, jamani, ni kazi ya mtu. Miriamu alitoka na matari, na wanawake walimtokea Sauli hivyo hivyo akirudi vitani. Yeftha alijua desturi ya kwao. Na binti alipotokea, baba alimwambia yeye ndiye aliyemtia huzuni! Hapo mimi huishiwa maneno.

Roho ya Bwana ilimjia kabla hajaweka nadhiri (mst. 29). Basi Mungu aliikubali? (Kijana, Kimara)

Umesoma vizuri. Roho ilimjia kwa ajili ya vita. Nadhiri aliiongeza mwenyewe, kama mtu anayepatana bei ya kitu alichokwisha kupewa bure. Kumbukumbu la Torati 12:31 inaita kuteketeza watoto machukizo. Tena linganisha na Mwanzo 22: Ibrahimu alizuiwa na sauti kutoka mbinguni, hapa mbingu ziko kimya. Ukimya huo usiusome kama ruhusa. Kitabu hiki kinafungwa kwa kusema kila mtu alifanya yaliyo mema machoni pake mwenyewe.

Mbona Waebrania 11:32 inamtaja kati ya mashujaa wa imani? (Mzee wa kanisa, Mbagala)

Anatajwa pamoja na Samsoni na Daudi, mzee wangu, na makosa yao unayajua. Imani yake vitani inasifiwa. Nadhiri haitajwi.

Kwenye mkutano wa injili niliahidi kutoa ada ya mwanangu iende kwenye ujenzi. Zaburi 15:4 inasema aliyeapa habadili. Nifanyeje? (Mama, Temeke)

Dada yangu, soma tena mstari huo polepole: unamsifu aliyeapa *kwa hasara yake*. Hasara ya ahadi yako inamwangukia mtoto, kama ya Yeftha ilivyomwangukia binti. Katika Marko 7 Bwana Yesu anawakemea waliomnyima mzazi riziki kwa kisingizio kwamba ni Korbani, yaani imetolewa kwa Mungu. Nayo Walawi 5 inampa aliyeapa ovyo njia ya kuungama. Basi kalipe ada wiki hii. Kisha mweleze mchungaji wako ukweli, na ujenzi uchangie kwa kile kilicho chako. Akikutisha kwa laana, mwonyeshe Marko 7.

Kwa nini yule binti hana jina? (Mwanakwaya, umri miaka 15)

Mwandishi hakutupa, mwanangu. Ila ametuachia sauti yake: aliomba miezi miwili, akapanda milimani na wenzake kulia. Na mstari wa 40 unasema binti za Israeli walikwenda kumkumbuka siku nne kila mwaka. Mashujaa wengi wa kitabu hiki hawakupata hata siku moja. Jumatano ijayo tunaanza na mstari huo, na nimeomba wasichana wa kwaya ndio mtusomee.