Bafa na pH Kidato cha Sita: anzia hapa

Mdogo wangu, umesema upo PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) hapa Dar na kwamba maswali ya bafa (mchanganyiko unaozuia pH, yaani kipimo cha uasidi, isibadilike sana) yanakukataa. Usikimbilie fomula. Hakikisha moli na msawazo wa kemikali vimekaa kichwani, halafu chukua swali moja ulichambue lote: 25 cm³ za asidi ya ethanoiki 0.1 M, yaani moli 0.1 kwa lita (pKa, kipimo cha nguvu ya asidi, ni 4.76), unadondoshea alkali NaOH 0.1 M kutoka kwenye bureti.

Kabla hujadondosha, pH ni 2.88. Ikifika 12.5 cm³, nusu ya asidi imegeuka chumvi, kwa hiyo pH = pKa. Huo mchanganyiko wa asidi na chumvi yake ndiyo bafa yenyewe. Ikifika 25 cm³ asidi imekwisha, na hapa ndipo wengi wanapopoteza maksi: wanaandika pH 7. Siyo. Iliyobaki ni chumvi. Ioni za ethanoeti zinayanyang'anya maji H⁺ na kuacha OH⁻, pH inapanda hadi 8.73. Ukipata 8.88, umesahau kwamba ujazo sasa ni 50 cm³, yaani chumvi ni 0.05 M. Ndiyo maana kiashiria ni fenolfthalini (hubadilika rangi kwenye pH 8.3–10.0). Methili oranji hubadilika rangi kati ya 3.1 na 4.4, mapema mno.

Kwenye bafa piga hesabu kwa moli, maana kwenye uwiano wa chumvi kwa asidi ujazo unajikata wenyewe juu na chini. Na ukienda twisheni, beba pepa zilizopita za NECTA badala ya kunakili noti upya.