Paka ameharisha tangu muhame nyumba

Dada pole sana, vile unasema tangu muhame kartie ya Ndosho kuenda ile ya Himbi, Goma, paka anaharisha na anajisaidia chini ya kitanda, si kiburi hata kidogo, paka wanashikaka sana na nafasi yao na woga unashuka mpaka kwa tumbo. Tena akiisha kusikia maumivu kwa beseni ya muchanga, ile choo yake, anafikiri ni beseni inamuumiza, njo maana anaikimbia. Usimupige, tafadhali, utaongeza woga tu.

Muweke siku kadhaa kwa chumba moja yenye kimya, na nguo yako yenye harufu ya kwako. Beseni iwe mbali na chakula, muchanga ya kutosha, uchafu uondoe kila siku, mimi naongezaka beseni ya pili na inasaidia. Pale alichafua usitie javeli, harufu yake inaweza kumurudisha palepale, pangusa na maji ya siki.

Chakula, kuku ya kuchemsha bila chumvi, bila mafuta, bila kitunguu, kidogokidogo, na maji safi kila saa. Maziwa acha kabisa, paka mukubwa inamuharishaka. Na parasetamolo usimupe hata kipande, inaua paka!

Ukiona damu, ao anatapika, ao siku nzima hakule, enda kwa munganga wa nyama. Kama ni dume anajikaza na mukojo haitoke, usingoje kesho, enda saa hiyohiyo.