Zabibu Kavu, Haritaki na Kumbukumbu

SWALI: Kijana wangu yuko kidato cha nne na mtihani wa KCSE unakaribia. Nimeshauriwa nimpe zabibu kavu 21 asubuhi kabla ya kula, na usiku kijiko kikubwa cha unga wa haritaki kutoka Ngara, ili asisahau anayosoma. Sasa anaharisha. Niendelee?
Mama wa mtahiniwa, Umoja

JIBU: Mama, haritaki isimamishe leo hii. Ni tunda la India, na Ayurveda, tiba ya jadi ya India, hulisifu kwa akili pia, lakini kazi yake iliyo wazi ni kulainisha choo. Kipimo cha kawaida cha unga wake kwa mtu mzima ni gramu 3 hadi 6 kwa siku. Kijiko kikubwa kilichojaa hupita hapo. Mpe ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Akiona damu kwenye choo au akipata homa, mpeleke kliniki.

Unga uliosagwa tayari unatutia wasiwasi zaidi. Madini ya risasi yamewahi kupatikana katika baadhi ya dawa za Ayurveda, na risasi huharibu ubongo uleule unaotaka kuusaidia. Anayehitaji haritaki kwa ajili ya choo anunue tunda zima, gumu, lenye mbavu tano na lisilo na ukungu, atoe kokwa, kisha asage mwenyewe.

Zabibu aendelee nazo, ila kama chakula. Hizo 21 zina uzito wa gramu 10 hivi, na zaidi ya nusu ni sukari. Hazitoshi kumbeba mwanafunzi hadi saa sita, kwa hiyo ale na uji na yai. Zioshe mara mbili, ziloweke usiku katika nusu kikombe cha maji, ufunike na kuweka kwenye friji. Zikitoa povu au harufu ya pombe zimechacha, mwaga. Kama ana pumu, epuka zile za rangi ya dhahabu, kwani hufukizwa kwa salfa.

SWALI: Baba ana kisukari, anatumia metformin kwa miaka mingi, na siku hizi anasahau sana. Tende zitamsaidia?
Msomaji, Eastleigh

JIBU: Tende zitampandishia sukari tu. Metformin ikitumiwa muda mrefu huweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huleta usahaulifu na ganzi miguuni. Asiache dawa, mwombe daktari wake ampime damu kiwango cha B12. Pia mpimeni sukari wakati ule anapochanganyikiwa, hasa kama ameandikiwa na insulini, maana sukari ikishuka mno akili huvurugika.