Wiki tatu za upasuaji hazizibwi kwa saini

SWALI: Shikamoo Dokta. Mimi ni daktari tarajali hapa Dodoma, nipo mwezi wa kumi wa utarajali. Nikiwa idara ya upasuaji niliugua homa ya ini nikapewa ED, ruhusa ya ugonjwa, ya wiki tatu. Niliporudi, rotesheni, yaani zamu yangu katika idara hiyo, ilikuwa imekwisha, nikahamia idara ya watoto. Sasa logibuku yangu, kitabu cha kusainiwa kazi tulizofanya, ina mapengo. Ngiri nimesaidia moja tu, bomba la kifua sijaweka hata moja. Wenzangu wananiambia nichukue namba za faili za wagonjwa waliowaona wao nijazie, na yupo jamaa mjini anamalizia saini na mihuri kwa laki na nusu. Mimi sitaki kufika huko. Nauliza, je, naweza kufidia wiki hizo jioni nikitoka watoto ili nimalize pamoja na kundi langu? Na kwa kuwa tangu mwezi wa sita nashika zamu za usiku kwenye zahanati moja ya pembezoni, na nimeshona vidonda vingi tu, je, hivyo vinaweza kuhesabiwa? – Mtarajali, Dodoma

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuugua. Kama hujarudia vipimo tangu utoke kitandani, virudie kabla hujashika kisu, na ujue ilikuwa homa ya ini ya aina gani. Ikiwa ni B, inayoambukiza kwa damu, thieta inakuwa suala lako na la mgonjwa pia.

Jioni baada ya wodi ya watoto, hapana. Mtu aliyetoka kwenye raundi ya watoto 40 hana mikono wala macho ya kusimama thieta hadi saa nne usiku, na huko watoto nako utakuwa unaiba. Zahanati, hapana kubwa zaidi, nitaifikia. Wiki tatu hulipwa kwa wiki tatu, katika idara ileile, pamoja na zamu zake za usiku. Utarajali ni miezi 12 ya kazi inayosimamiwa, na kundi lako halina uhusiano wowote na hesabu hiyo. Utamaliza nyuma ya wenzako, basi. Nimesimamia waliochelewa kwa uzazi, kwa msiba, kwa ajali ya bodaboda, na sijasikia mgonjwa akiwauliza walimaliza mwezi gani.

Andika barua wiki hii kwa mratibu wa watarajali hapo hospitalini, nakala kwa mkuu wa idara ya upasuaji, ambatisha ED yako. Omba upangiwe wiki hizo mwishoni mwa rotesheni zako. Ulizia mapema habari ya posho ya muda huo, usije ukashtukia kodi ya chumba. Taarifa zako zikifika Baraza la Madaktari Tanganyika zioneshe wazi ulikosa lini na ulilipa lini. Pengo lenye maelezo halimsumbui mtu.

Swali lako limeishia hapo. Lakini umemtaja jamaa wa laki na nusu, na huyo namfahamu, maana kila kundi lina wake. Mwaka huu anakaa karibu na steshenari, mwaka juzi alikuwa "ana mtu wizarani". Kishoka ni kishoka, awe wa viwanja au wa logibuku. Nakupa hesabu moja tu ambayo yeye hawezi kukupigia. ED yako ipo kwenye jalada lako la utumishi. Rejista ya thieta ina tarehe, namba ya faili, jina la mpasuaji, jina la msaidizi na la mtoa ganzi. Ukijaza kwamba tarehe fulani ulisaidia ngiri ya faili fulani, mtu akafungua rejista akakuta jina la mwenzako, kisha akafungua jalada akakuta siku hiyo ulikuwa umelala kwenu macho ya njano, unamjibu nini? Na yule mwenzako aliyekuazima namba naye atajibu nini?

Ila kukamatwa sicho kinachonikera. Kinachonikera ni ile imani iliyo chini yake, kwamba logibuku ni daftari la kuhesabia. Vidonda 20, tiki. Kuzalisha 30, tiki. Hata watarajali waaminifu kabisa wameshikwa na imani hiyo. Wanakuja asubuhi na kitabu mkononi: "Dokta, nimebakiza saini mbili." Umebakiza saini mbili za nini?

Nikueleze niliyoyafanya mimi. Nilikuwa mtarajali, idara ya tiba, usiku wa saa nane na nusu. Wakaletwa watu wa kijiji kimoja cha upande wa Bahi, wamembeba mzee juu ya kitanda cha kamba, mikono imefungwa kwa kitenge. Tangu jioni alikuwa anapiga watu na kuongea maneno yasiyoeleweka. Mwanawe wa kwanza akaniambia, "Dokta, tuandikie tu barua ya Mirembe, tumekodi gari na dereva anasubiri." Kwetu hapa mtu akichanganyikiwa, Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, ndiyo neno la kwanza mdomoni. Nikamtazama mzee: anatoka jasho, shati limelowa, anahema. Nikaona fujo. Nikachukua karatasi nikaandika barua, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Muuguzi wa zamu, mama mmoja aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu, hakubishana nami. Alichukua glukomita, akamtoboa mzee kidole, akaniwekea kile kidude juu ya barua yangu. Sukari 1.7, imeshuka vibaya. Mzee alikuwa anakunywa glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, na siku mbili hakuwa amekula kitu cha maana kwa sababu ya homa. Tulimpa deksitrosi ya asilimia 50, mililita 50 mshipani, na kabla bomba halijaisha akauliza viatu vyake viko wapi.

Nikafurahi, nikataka kumruhusu alfajiri. Hilo nalo lilikuwa kosa, la pili usiku uleule. Kidonge kile hukaa mwilini kwa muda mrefu, hasa kwa mzee ambaye figo zake zimechoka. Sukari hupanda kwa dripu kisha hushuka tena, na mgonjwa uliyemruhusu saa kumi na mbili asubuhi anakata kauli saa nne akiwa njiani kurudi kwake. Bingwa ndiye aliyenizuia kwenye raundi. Mzee alikaa wodini, sukari ikapimwa kila baada ya saa chache, na kweli ilishuka tena mchana.

Wiki hiyo nilimpelekea bingwa logibuku. Nilikuwa nimeijaza: sukari kushuka, umri, namba ya faili, matibabu, amepona. Akasoma, akanirudishia bila kusaini. "Hii kesi ni ya Sista," akasema. "Wewe uliandika barua."

Ndiyo maana ya saini, mdogo wangu. Mtu mzima mwenye leseni yake anashuhudia kwamba alikuona, akaona ulichofikiri kabla hujatenda, na yuko tayari kukuacha peke yako na mgonjwa wa namna hiyo. Kwa hiyo hainunuliki hata kama muhuri ni halisi. Anayekuuzia hakukuona.

Chukua kifafa cha mimba. Mtarajali mwenye kumbukumbu nzuri atakutajia magnesiamu salfeti bila kusita: gramu 4 mshipani taratibu, gramu 10 kwenye msuli, 5 kila tako, kisha gramu 5 kila saa nne. Safi. Lakini mimi ninayesaini sihesabu sindano. Natazama kama kabla ya dozi ya saa nne umelifunua shuka na kugonga goti la mama, kama umehesabu pumzi zake kwa dakika nzima na ukapata angalau 16, kama umeangalia mfuko wa katheta na kukuta mkojo haujashuka chini ya mililita 30 kwa saa. Natazama kama kalsiamu glukoneti gramu 1, ya kuizima magnesiamu ikizidi, ipo kwenye trei au bado ipo stoo na funguo anazo mtu aliyekwenda kunywa chai. Na zaidi ya yote natazama kama, ukikuta goti halishtuki, ishara kwamba dawa imezidi, unaiacha dozi na kunipigia simu saa tisa usiku bila kuogopa nitakavyoitika. Nitaitika vibaya. Piga hivyo hivyo.

Na ujue wewe huna muda wa kutosha wa kujifunza hayo. Uingereza, daktari akimaliza chuo hufanya miaka 2 ya msingi, kisha miaka 3 mingine, ndipo anaitwa daktari wa jumla. Sisi tunakupa miezi 12. Baada ya hapo unaweza kupangiwa wilaya iliyo kilomita zaidi ya mia kutoka mjini, mvua za Januari zimekata barabara, na kwenye jengo zima daktari ni wewe. Ndani ya miezi hiyo 12 upasuaji una sehemu yake ndogo tu, na wewe ulishakosa wiki tatu. Halafu mtu anakushauri uzinunue?

Sasa zahanati. Usajili wako ni wa muda. Unakuruhusu kufanya kazi katika hospitali uliyopangiwa, chini ya msimamizi. Pale pembezoni usiku huna msimamizi, kwa hiyo mbele ya sheria hakuna daktari pale. Likitokea la kutokea, mwenye zahanati atasema wewe ulimwambia una leseni. Najua posho haitoshi, na najua Dodoma ya leo kodi ya chumba kimoja si ile ya kabla serikali haijahamia. Sikucheki. Lakini acha kwenda.

Na hata sheria ingekuruhusu, pale hujifunzi, unaharibika mkono. Nawatambua watarajali wa zahanati asubuhi kwenye ripoti. Kila mgonjwa ana malaria, yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo) na taifodi, vyote vitatu, kwa pamoja, tangu saa mbili usiku. Taifodi ya Widal, kile kipimo cha damu, tena kimoja tu, kwa watu ambao wengi wao wangeonesha namba hiyo hata wakiwa wazima. Dawa ni sindano ya antibayotiki ya seftriaksoni na dripu mbili, kwa sababu mwenye zahanati analipwa kwa dripu na mgonjwa naye amezoea kwamba asiyetundikiwa hajatibiwa. Nani atakurekebisha? Mgonjwa anapona mafua yake, anarudi kukushukuru, nawe unajiona bingwa.

Dripu hiyohiyo, tena. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za mshtuko, Kenya, Uganda na kwetu Tanzania, Muheza ikiwemo. Waliomiminiwa maji haraka mshipani walikufa kwa kiasi cha asilimia 10.5 ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa, asilimia 7.3. Wengi wetu tulikuwa tumefundishwa kumimina, na tulimimina kwa nia njema. Sasa wewe upo watoto hivi leo. Akija mtoto wa mwaka mmoja na nusu, macho yamezama, damu imepungua, tumbo kubwa na miguu imevimba, mkono uliozoea zahanati utakimbilia chupa. Mtoto wa utapiamlo mkali moyo wake hauwezi mzigo huo. Sipendi ulijue hilo kwa kumpoteza mmoja.

Vile vidonda ulivyoshona, basi, havihesabiwi. Hakuna aliyekuona ukisafisha, hakuna aliyekuuliza kama ulipima mishipa ya fahamu ya vidole kabla ya kuweka ganzi. Na ukiviandika kwenye logibuku utakuwa umejiandikia ushahidi kwamba ulikuwa zahanati.

Ukianza zile wiki tatu, usiombe orodha ya ngiri za kupangwa. Ngiri moja uliyosaidia vizuri inakutosha kuanzia. Omba zamu za dharura, hasa wikiendi, hasa mwisho wa mwezi. Bodaboda zitakuletea mabomba ya kifua. La kwanza tazama, la pili shika vyombo, la tatu weka wewe huku mtu amesimama begani kwako, na ukumbuke kupita juu ya ubavu, usipite chini yake ilipo mishipa. Wagonjwa uliowapeleka thieta wafuatilie hadi watolewe nyuzi. Watarajali wengi wamesaidia upasuaji wa utumbo na hawajui mgonjwa yule alipata choo lini.

Kwenye zile kurasa za mapengo piga mstari mmoja wa kalamu, ukingo hadi ukingo. Andika "likizo ya ugonjwa", weka tarehe ya kwanza na ya mwisho, na umpelekee mkuu wa idara asaini hapohapo. Hiyo atakusainia, maana alikuona umeugua.